Mukaka wa Etaji na Milango Isiyofungwa

Sokoni Beni wote walimwita Mukaka wa Etaji. Mukaka kwa Kinande chetu ni bibi. Etaji ni ile nyumba yake ya zamani, ya chini na juu, iliyokaa mbele ya uwanja wa soko na kuwaangalia wauzaji wote. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja, kanisani, na sitaliandika, maana yeye mwenyewe hakulipenda. Wapi alizaliwa na baba yake nani, hayo waulizeni watu wa ukoo. Mimi nilimkuta mzee tayari, nikakaa ndani ya nyumba yake miaka mingi nikiogopa.

Mtu wa Beni hataniuliza niliogopa nini. Wewe wa mbali nitakuambia. Sisi tulitoka upande wa Mbau, kwenye shamba letu la kakao, siku wale wa pori walipokuja mchana na mapanga, watu wakiwa wanaanika kakao. Mama yangu alibaki pale. Baba ya mtoto wangu alibaki pale. Nilitoka na binti yangu Kahindo mgongoni, na mdogo wangu Katembo mbele yangu akipasua majani kwa mikono. Tangu hapo nikifika mahali siulizi chakula. Jicho langu linatafuta mlango. Uko wapi, ni mbao au ni chuma, unafungwa na nini.

Na Mukaka, aliyetupokea, alikuwa na nyumba yenye milango mingi kuliko nyumba zote za uwanja ule, na hakuna hata mmoja uliofungika mtu akiwa ndani. Hapakuwa na ufunguo. Hapakuwa na komeo. Ukitazama vizuri kwenye mbao uliona matundu ya misumari mahali vitasa vya zamani vilipong'olewa, yamezibwa na nta ya mshumaa.

Nyumba aliijenga Mugiriki mmoja mnunuzi wa kahawa, wakati wa Wabelgiji. Matofali yalichomwa bondeni, na kuta zilikuwa nene hivi kwamba Kahindo aliweza kukaa kwenye dirisha na kunyoosha miguu yake yote bila kugusa nje. Mbele kulikuwa na barza yenye nguzo na matao, na chini ya matao wanawake tuliuza fretini, wale samaki wadogo wakavu, na unga na chumvi bila kunyeshewa. Nyuma ya barza, maduka. Juu, vyumba vya kulala na balkoni ya mbao za libuyu ambayo mchwa hawakuiweza. Ngazi haikuwa ndani. Mugiriki aliiweka nje, upande wa ua, ili kutoka juu aone kila mtu anayepanda na kila mtu anayeshuka. Sakafu ilikuwa simenti nyekundu, Mukaka aliipiga nta na ganda la ndizi mpaka wageni walianguka. Juu ya yote kulikuwa na tole, mabati ya zamani, nzito, siyo hizi za leo zinazopeperuka kama karatasi. Mvua ikinyesha ulipaswa kuongea kwa mikono.

Na mwisho wa ua kulikuwa na depo ya kahawa. Nyumba ndefu, bila dirisha, matundu tu juu karibu na paa, yenye vyuma. Mlango wake ulikuwa mpana wa kuingiza lori. Upande wa nje wa mlango ule kulikuwa na pete kubwa za chuma, mahali palipokuwa na fimbo ya kufungia. Ndani, hakuna kitu. Yaani ilijengwa hivyo tangu mwanzo, ya kufungwa na mtu aliye nje tu. Mimi nilikaa kwenye chumba kilichopakana na depo ile.

Vita navyo viliandika kwenye ukuta. Waasi waliifanya bureau yao, wengine wakawafukuza, wengine tena. Kila waliokuja walisema wameleta ukombozi, na kila walioondoka waliondoka na viti. Matundu ya risasi Mukaka aliyaziba kwa sabuni iliyokandwa na majivu. Ukipita karibu na ukuta wa mbele baada ya mvua, uliona povu.

"Nyumba inanawa," alisema.

Kanuni yake aliifundisha kila mpangaji siku ya kwanza, akiwa amesimama katikati ya chumba na mikono kiunoni. Chumba kikiwa bila mtu, unaweza kutia kadena, kufuli, nje, ni shauri lako. Mtu akiwa ndani, hata kama ni mtoto, hata kama ni mgonjwa, mlango haufungwi. Wala kwa ndani, wala kwa nje. Anayekataa, barabara ya Butembo iko pale.

"Na wezi, Mukaka?" nilimuuliza siku ile.

"Mwizi ni mutu ya kuingia na kutoka. Hana matata."

"Na bale ba mu pori?"

Hapo alinitazama kidogo. "Bale hata kama unafunga bataingia, mutoto yangu. Weye njo utashindwa kutoka."

Sikukubali. Mpaka leo sikubali. Mtu anayepiga mlango kwa panga anachoka kidogo, na ule muda anaochoka, mtoto anaweza kupita dirishani. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nikafue nguo za Kahindo.

Wezi walikuja, bila shaka. Walimwibia masufuria, walimwibia mablanketi, mara moja walimwibia kuku akiwa amekalia mayai. Yeye hakuita polisi. Asubuhi alivaa kitenge chake kizuri, akashuka sokoni, akazunguka polepole kama mnunuzi mpaka akakuta beseni lake limepangwa na mabeseni mengine. Alilinunua. Lakini kabla ya kulinunua alimtukana muuzaji kwa muda mrefu, akimwonyesha mbele ya watu jinsi lilivyopinda na mahali lilipotoboka, mpaka watu wote wakajua ni la nani.

"Sasa mbona unalipa, Mukaka, kama ni lako?" walimuuliza.

"Minalipa kazi ya kulibeba. Ni zito."

Usifikiri alikuwa mtu wa moyo mweupe aliyeamini watu. Hapana. Hakumwamini mtu yeyote. Sukari yake aliifunga kwenye pindo la kitenge kiunoni, akatembea nayo kutwa, ukikaa karibu naye siku ya jua unaona nyuki. Chumvi aliilalia. Mafuta ya mawese aliyaficha kwenye chupa ya maji ya baraka. Mimi niliyekaa naye miaka yote ile hakuwahi kuniachia hata kijiko. Mlango wazi, lakini sukari kiunoni. Ndivyo alivyokuwa.

Alikuwa na mazoea mengine niliyoyaona kama uzee tu. Jioni, jua likielekea kutua, alizunguka nyumba nzima kwa miguu, chini na juu, akisukuma kila mlango kwa kidole gumba cha mguu. Hakutumia mkono. Mlango ukifunguka bila sauti, alienda kwenye mwingine. Ukikwama kwa sababu ya unyevu, alisimama pale pale akaita fundi, hata kama watu wanakula. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na padri alipohubiri watu wasogee mbele, yeye alitazama juu akihesabu popo. Gari la basi hakupanda maisha yake yote. Kutoka Beni mpaka Butembo alipanda nyuma ya lori, juu ya mihogo, bibi mzima.

Mimi nilisema: huyu mwanamke haogopi kitu. Nilimwonea wivu na nilimkasirikia. Mimi kila moto, pikipiki, ikipunguza mwendo nje, namvuta Kahindo karibu. Yeye analala mlango wazi, anakoroma kama mashine ya kusaga.

Mwaka Kahindo alipoanza kuota matiti nilisema sasa yatosha. Nilinunua targeti, komeo dogo la chuma, na nikamleta fundi seremala wakati Mukaka yuko kanisani kufagia. Bon, nani aliyemwambia sijui. Fundi ametia msumari wa kwanza tu, Mukaka yuko mlangoni na fagio la kanisa mkononi.

"Fundi, mama yako iko?"

"Iko, Mukaka."

"Hapana uongo. Kama mama yako angekuwa na akili angekufundisha kubisha hodi."

"Mais, lakini Mukaka, mama huyu amenilipa."

"Amekulipa kutia. Mimi ninakulipa kutoa. Toa."

Fundi akatoa. Alipokea pesa mara mbili siku ile, akaenda akicheka. Mimi nililia. Nilimwambia Mukaka mbele ya wapangaji kwamba anamwua mtoto wangu. Aliliokota lile targeti, akaenda kulitupa chooni, na jioni akatuletea sombe na samaki, yeye aliyekuwa mchoyo hata wa kiberiti, akaweka sahani kizingitini na kuondoka.

Aliyenieleza ni Baba Amuri. Huyu alikuwa mpangaji wa duka la mbele, Mwislamu, muuza vitenge, na baba yake kabla yake aliuza vitenge hapo hapo. Aliniona ninalia, akanipa kiti.

"Mama Kahindo, ile depo unaiona? Wanawake walichambua kahawa ndani yake. Yeye alikuwa mmoja, msichana bado. Asubuhi wanaingia, kapita, msimamizi wao, anafunga kwa nje, jioni anafungua na kuwapekua. Ili wasitoke na kahawa."

"Kutwa?"

"Kutwa. Na walikuwa wanaimba. Kazi ile inataka wimbo. Baba yangu alisema soko lote lilizoea, wanawake wa Mugiriki wanaimba. Bon. Siku moja mmoja wao alipata uchungu wa kuzaa mle ndani. Kapita, Zakaria jina lake, amefunga na kwenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kule Bungulu na fimbo ya mlango ameitia minyororo. Walipiga kelele. Baba yangu alikuwa hapa hapa, anapima vitenge. Alisikia. Alifikiri ni wimbo."

Baba Amuri alikunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari.

"Mama na mtoto, wote wawili. Wengine wanasema alikuwa dada yake. Mimi sikumuuliza, na wewe usimuulize. Mugiriki alipoondoka nyumba ikachukuliwa na Mnande mmoja tajiri, na yule tajiri akamwoa huyu. Siku ya kuingia kama bibi wa nyumba, kitu cha kwanza alichoomba ni koleo ya kung'oa misumari."

Sikumuuliza. Lakini tangu siku ile nilikiona chumba changu kama kingine. Nilipogusa ukuta wa depo niliondoa mkono.

Halafu akaja kapiteni. Kapiteni Sans-Souci, ndilo jina alilojipa, na kweli hakuwa na wasiwasi, wasiwasi wote alituachia sisi. Alikuja na askari wake kukaa kwenye depo kwa jina la usalama wa soko. Mukaka aliwapikia maharage. Aliwatukana kwa Lingala na kuwapikia. "Ni batoto ba batu," alisema, "bamebaacha na njaa." Mais wiki haikupita, kapiteni akaanza kukamata vijana sokoni, wale wasio na karata ya kitambulisho, akisema ni washirika wa watu wa pori. Akaleta fimbo ya chuma ya kupitisha kwenye zile pete. Mchana uleule akafungia vijana ndani, na nikasikia kupitia ukuta wangu mmoja anamwita mama yake.

Walipotolewa asubuhi kupelekwa kwa meja, Mukaka alimwita Katembo, mdogo wangu, na vijana wa mkokoteni. Kapiteni aliporudi, depo haina mlango. Siyo kufuli, siyo fimbo. Mlango wenyewe, ule mpana wa lori, haupo. Limebaki tundu.

"Wapi mlango?" kapiteni akauliza.

"Mchwa, mon capitaine."

"Mchwa wamekula mlango mzima?"

"Mchwa wa Beni, mon capitaine. Hata sisi wanatuogopesha."

Soko lote lilijua mlango ule uko juu, umekatwa vipande viwili, na Mukaka amevitandika kwenye chumba chake na kuvilalia. Kapiteni hakupanda kutazama. Alikuwa na aibu ya kupekua kitanda cha bibi. Lakini hakusahau.

Sasa nitamtaja mwingine, na huyu namtaja kwa sauti. Kasereka Vyuma. Muuza tole na misumari, duka lake upande wa pili wa uwanja, simenti mpya, mlango wa chuma. Ana benchi lake kanisani. Yeye ndiye aliyempa Katembo kazi ya sentineli, mlinzi wa usiku.

Hapa kwetu wafanyabiashara wana desturi moja, na watoto wao wakisoma haya watasema ninadanganya, basi waende wakaulize. Sentineli hakai nje ya duka. Anaingizwa ndani na bidhaa, na tajiri anafunga kadena kwa nje, anaondoka na ufunguo. Wanasema mlinzi aliye nje atahongwa na wezi, na mlinzi aliye na ufunguo atakuwa mwizi mwenyewe. Basi anafungiwa pamoja na misumari na rangi, na asubuhi anafunguliwa pamoja nayo. Hakuna aliyeona kuwa ni vibaya. Mimi mwenyewe nilishukuru. Nilisema, mdogo wangu anakaa nyuma ya mlango wa chuma, hakuna panga litakalomfikia.

Mukaka aliposikia alimfuata Katembo mpaka tunapochota maji.

"Acha hiyo kazi."

"Mukaka, nitakula nini?"

"Utakula kwangu."

"Kwako?" Katembo alicheka, maana alijua sukari iko wapi. "Mukaka, kwako tutakula harufu."

Hakucheka. Alienda kwa Kasereka Vyuma mwenyewe, nikiwa nyuma yake. Alimwambia amwekee Katembo ufunguo mmoja ndani, umefungwa kwenye kamba, hata kama ni wa mlango wa nyuma. Kasereka alikuwa anakunywa fanta. Alisema: "Mukaka, nyumba yako haina kadena na unaibiwa kila wiki. Utanifundisha nini wewe?" Watu waliokuwepo wakacheka. Nami nilikaa kimya, nikitaka kazi ya Katembo iendelee.

Soko liliwaka siku ya Jumapili, wakati wa misa ya pili. Moto ulianzia kwa wauza mafuta ya pikipiki, wale wa madumu. Siku hiyo Kasereka alikuwa hajamfungulia Katembo. Alipitiliza kanisani kwanza. Tuliposikia kelele na kutoka, moshi umeshafunika uwanja, na watu wanakimbia na magunia yao wakiokoa unga, viatu, redio. Mukaka, wa benchi la mwisho, alikuwa ametutangulia wote. Nilimkuta mbele ya duka la Kasereka, bila viatu, anapiga ile kadena kwa mchi wa kutwangia, mikono miwili. Ndani Katembo alikuwa anapiga pia. Walikuwa wanajibizana kwa mdundo, yeye nje, Katembo ndani. Nilishika mchi naye. Baba Amuri alikuja na jiwe. Kadena ilikuwa nzuri. Kasereka alikuwa anauza vitu vizuri.

Halafu waliosikika wakipiga tukawa sisi wa nje tu.

Kasereka Vyuma alifika na ufunguo mfukoni. Alisema hakusikia simu, padri amekataza simu misani. Alitoa jeneza na mchele. Polisi waliandika ajali. Mimi nilisoma mpaka la tano tu, mais najua ajali ni nini. Ajali haifungi kadena na kwenda kuimba aleluya.

Utafikiri baada ya hapo niliacha kuomba komeo. Sikuacha. Wale wa pori walikuwa bado wanakuja, leo upande huu wa mji, kesho ule, na wakati wa kila uvumi watu walijaa uwanjani na magodoro kichwani, na wengi waliingia etaji kwa sababu ya unene wa kuta. Mukaka aliwapokea wote, juu na chini, mpaka kwenye ngazi. Na milango wazi. Mimi nilikaa kati ya watu wale na Kahindo kati ya magoti yangu, nikitazama lile tundu jeusi la mlango, nikimchukia Mukaka. Nikifunga macho, naona kadena ya Kasereka. Nikifungua, naona mlango wazi. Hapakuwa na mahali pa kuweka macho.

Etaji ilimponyoka hivi. Kasereka Vyuma aliunguliwa na duka, akataka uwanja mkubwa zaidi. Muhindo wa kadastre, ofisi ya viwanja, yule mfupi wa koti la kijani, akaja kupima kuta kwa macho akasema ni hatari kwa umma. Kuta ambazo risasi hazikuzipita. Parseli, kile kiwanja, ikaonekana haina mwenyewe, na Kapiteni Sans-Souci akatuma askari wa kututoa. Watu watatu nimewataja na mahali pao pa kazi nimepataja, na wote wako hai, wanakula vizuri. Mashine ilivunja mbele kwa siku moja, mais depo ilikataa. Walipiga na kupiga, vumbi jekundu likatanda juu ya nyanya za watu. Mukaka alikaa kwenye barza ya jirani akitazama. Depo ilipoanguka aliuliza kama kuna mtu ana maji ya kunywa. Hakulia. Nilisema tena: huyu haogopi, wala haumii. Leo pale kuna galeri ya Kasereka, maduka yenye milango ya chuma, na jioni masentineli wanaingizwa ndani.

Mukaka alichukuliwa Butembo na Paluku, mtoto wa ndugu ya mumewe. Mimi na Kahindo tulipanga Bungulu, chumba kidogo, mlango wa chuma, targeti juu na targeti chini. Nililala vizuri wiki moja. Kisha nikaanza kuamka na kugusa mlango, kujua kama umefungwa. Kisha kuamka na kugusa kujua kama unafunguka.

Juzi hapa nilishuka Butembo kununua chumvi ya jumla, nikasema nipite mtaa wa Vulamba kumsalimia Mukaka. Nyumba ya Paluku ni nzuri, mpya, imezungushiwa ukuta wenye chupa zilizovunjwa juu. Geti ni la chuma, buluu. Kadena iko nje. Nikafikiri hakuna mtu. Ilikuwa saa nane za mchana, jua kali, nikageuka kwenda zangu, ndipo nikasikia mtu anakwaruza.

Chini ya geti, kwenye ule upenyo wa maji kupita, vilikuwa vidole.

"Nani iko?" nikauliza.

"Fungua."

"Mukaka? Ni mimi, Mama Kahindo."

"Fungua."

"Ufunguo uko na nani?"

"Fungua, fungua, fungua." Sauti haikuwa ya yule niliyemjua. Ilikuwa ya msichana. "Waambie siyo wimbo. Waambie hatuimbi."

Nililala chini kwenye mchanga na kutia mkono wangu pale. Akaushika. Alinishika mpaka kucha ziliingia. Miaka yote ile nililala chini ya paa moja na mtu aliyeogopa kuliko mimi, na sikujua, kwa sababu woga wake ulitazama upande mwingine. Mimi naogopa anayeingia.

Kwa mkono uliobaki nilimpigia Paluku. Alikuja juu ya moto yake baada ya muda, amekasirika, mtu mwema, nasema kweli, mwenye kumlisha na kumvisha.

"Mama, huelewi. Anatoka. Mara ya mwisho tumemkuta njia ya Beni, anatembea peke yake. Na hapa wezi wameua mtu nyumba ya tatu. Nifanye nini? Niache geti wazi niende dukani?"

"Fungua kwanza."

Alifungua. Mukaka alikuwa amekaa kwenye simenti, kitenge kimelowa, mdomo mkavu. Alitazama nje, barabara, moto, mbuzi wa jirani. Akatazama muda mrefu. Kisha akafunga macho.

"Nitafunga nikiondoka," Paluku akasema. "Samahani mama, lazima."

"Wewe nenda dukani. Mimi niko hapa mpaka urudi. Liache wazi."

"Wazi kabisa?"

"Kabisa."

Alinitazama. Alitingisha kichwa, akaenda.

Nilitandika mkeka kivulini, nikamlaza, nikamnywesha maji. Halafu nilichukua jiwe nikalikalia katikati ya geti, mgongo kwake, uso barabarani. Sijawahi kukaa mlangoni tangu Mbau. Moto moja ikapunguza mwendo, nikashika chuma cha geti. Ikapita. Vijana wawili wakasimama kuwasha sigara, nikahesabu mikono yao. Wakapita. Jasho lilikuwa linatiririka mpaka kiunoni, na sikuthubutu kusimama kwa sababu nilijua nikisimama nitakimbia.

Halafu akatokea mwanamume na panga begani, anatoka kukata majani ya sungura, fungu liko kichwani. Alikuja moja kwa moja upande wangu, kwa sababu njia ilikuwa inapita pale. Panga lilikuwa na utomvu wa kijani. Alipofika mbele yangu akasimama, akahamisha fungu, akanisalimia kwa Kinande, vizuri, kama mtu anavyomsalimia mama yake.

Nikamjibu. Nyuma yangu Mukaka alikuwa ameanza kukoroma.